Kumfundisha mtoto heshima: mimi nashauri uanzie kwa dada wa kazi

Mwaka jana mwezi wa sita nilikua chumbani nakunja nguo nikasikia mwanangu wa katikati, ana miaka 11, anamwambia dada wa kazi "we dada, hii sahani huioni? Toa basi." Nilisimama pale na kanga mkononi. Kilichonishtua sio maneno, ni sauti, kwa sababu ile sauti ilikua yangu. Ule mkato wa "basi" mwishoni na vile alivoivuta "huioni" ni mimi kabisa nikiwa nimetoka kazini, foleni ya Mbagala imenitoa roho, naingia ndani hata mkoba sijaweka chini nishaanza kuagiza. Na mtoto huyu huyu ukikutana nae njiani anakuamkia vizuri, shikamoo mama, shikamoo baba, bibi yake anamsifia kwa kila mtu, walimu wanasema hana shida. Nikakaa kitandani nikawaza sasa hii heshima anayosifiwa ni heshima gani, kama inaishia kwa watu wanaoweza kumchapa?

Kwaiyo naandika hapa tulichofanya na tunachoendelea kufanya, nina watoto watatu, wa kike miaka 16, huyo wa kiume 11 na kitinda mimba ana miaka 5. Kuna vitu vimekubali na vingine bado tunasukumana navyo. Ila kitu kimoja nimekishika na sikiachii, heshima ya mtoto usiipime kwa anavyomuamkia babu au mwalimu mkuu maana pale kuna woga na mara nyingine kuna zawadi. Ipime kwa mtu ambae hawezi kumpiga, hawezi kumnyima kitu, na hata akisemewa vibaya ataishia kunyamaza. Nyumba nyingi za mjini mtu huyo ni dada wa kazi, akitoka yeye anafata mlinzi, mzoa taka, konda, mama wa mboga, na yule mtoto wa darasani ambae hajui kujitetea.

Nyumbani kwanza, na kwanza wewe mwenyewe

Usimuite mtoto ukampa mhadhara wakati wewe kesho yake asubuhi unaita "weee, chai bado tu?" kutoka chumbani. Mimi nilianza na kinywa changu. Dada ana jina, nikaanza kumuita kwa jina lake, na nikiomba kitu natanguliza naomba. Mwanzoni yeye mwenyewe aliona ajabu, siku ya kwanza nimemwambia "naomba unisaidie ile ndoo" aliniangalia kama naumwa. Baba watoto nae nilimwambia, tukakubaliana kwamba makosa ya dada hayasemwi mbele ya watoto, kama kuna kitu kimeungua au kimevunjika tunaongea nae pembeni watoto wakiwa wamelala au wapo shule, kwa sababu mtoto akikuona unamfokea mtu mzima mbele yake anajifunza kwamba kuna aina ya watu wazima wanaofokewa.

Alafu chakula. Nyumba nyingi, na mimi ya kwangu ilikua hivyo, dada anakula mwisho jikoni kwenye kigoda, kile kilichobaki. Mtoto anaona hilo kila siku mara mbili au tatu, hakuna maneno utakayomwambia yakashinda anachokiona. Tulihamisha, sasa hivi tunakaa wote, sahani zinapakuliwa pamoja na nyama inagawanywa kwa wote. Wiki ya kwanza dada alikua anakula ameinamia sahani hasemi neno, wiki ya tatu ndo akaanza kuwahadithia watoto habari za kwao Singida, kuchunga mbuzi, kuchota maji kisimani, na yule wangu wa 11 akawa anamganda "dada endelea".

Kingine ni kazi. Mtoto asiyefanya kazi yoyote hawezi kumheshimu anaefanya kazi, hajui inauma wapi. Kuanzia miaka 5 anaweza kupeleka sahani yake karoni, miaka 7 au 8 anaosha alichokilia na anatandika kitanda, kuanzia 10 anafua soksi na chupi zake mwenyewe, na hili la chupi msilichukulie poa, hakuna sababu ya mtu mwingine kufua nguo ya ndani ya kijana mwenye afya na mikono miwili. Na wavulana wapewe sawasawa na wasichana. Ukimlea wa kiume anahudumiwa na dada zake mpaka maji ya kuoga anatengewa, basi jua unamfundisha nani wa kumheshimu na nani wa kumtuma, na mkwe wako atakuja kulipia hilo.

Yule kijana wangu siku ile sikumchapa. Nilimuita jioni, nikamuuliza dada ana miaka mingapi, akasema hajui. Mama yake yuko wapi? Hajui. Anapenda chakula gani? Hajui. Wameishi nyumba moja mwaka na nusu. Nikamwambia katafute majibu, na unaenda kumuuliza kwa adabu. Akaenda, nilikua nawasikia kule jikoni, anauliza kwa aibu aibu, na dada anacheka. Kumbe dada ana miaka 21, wa kwanza kati ya watoto sita, hela anayolipwa inasomesha wadogo zake wawili. Baadae nikamwonyesha Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 12, imeandikwa binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, alafu inafata "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake." Nikamuuliza hapo wameandika isipokuwa dada wa kazi? Akasema hapana. Basi nikaishia hapo sikuongeza neno, ukiongeza maneno mtoto anaacha kufikiri anaanza kusubiri umalize.

Salamu

Wazee wanasema shikamoo maana yake ni nimeshika miguu yako, na ukiichukulia hivyo utaona sio neno la kurusha huku unakimbia. Watoto wetu wengi siku hizi wanapita kama upepo "shkamooo" ameshafika kona, hata marahaba hajaisikia. Mtoto mdogo mfundishe afanye hivi, asimame, amgeukie anaemuamkia, aseme, asubiri marahaba. Sio lazima akukazie macho, kwetu mtoto kumkodolea mkubwa macho sio adabu, ila uso na mwili viwe vimeelekea kwake. Na ukiwa nae njiani muache aamkie mwenyewe, usimsemee.

Kuna watoto wenye aibu, kitinda mimba wangu ni huyo, mgeni akija anajificha nyuma ya dera langu. Zamani ningemvuta nikambana "amkia! amkia we mtoto!" mpaka analia, na mgeni nae anaona vibaya. Siku hizi nafanya nae mazoezi kabla, namwambia leo anakuja shangazi, tutaenda wote mlangoni, mimi nitamshika mkono utamwamkia alafu utapokea mfuko wake. Kumpa kitu cha kushika kunasaidia sana, mtoto mwenye mzigo wa mgeni mkononi anajiona ana kazi, aibu inapungua. Ikishindikana siku hiyo, namwambia mgeni "atakuamkia baadae akizoea", na kweli baada ya nusu saa unamwona anasogea mwenyewe.

Na sisi wakubwa jamani tuitikie. Mtoto anasema shikamoo mara mbili wewe uko kwenye simu, unatoa "mmm". Unamfundisha kwamba salamu ni ushuru wa kulipa apite. Itikia marahaba, muulize hujambo, shuleni vipi, dakika moja tu.

Kuitwa nako ni sehemu ya salamu. Mimi nimekulia Korogwe kwa bibi, ukiitwa unaitika abee kama wa kike, naam kama wa kiume, na unaenda kule ulikoitwa, sio unajibu "nini?" ukiwa umejifungia chumbani. Hili nimelirudisha. Ila nalo lina upande wa pili, usimuite mtoto atoke chumbani aache homuweki aje akupe rimoti iliyopo nusu mita kutoka mguuni kwako. Wakifanyiwa hivyo kila siku wanaanza kujifanya hawasikii, na ukiangalia vizuri wana haki.

Heshima haina maana ya kukubali kila kitu

Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto hapa Tanzania ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na wavulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Na wengi wa wanaofanya hivyo sio majini, ni watu ambao mtoto anawajua, wengine ni watu anaowaamkia kila siku. Sasa ukimlea mtoto anaamini mkubwa hakataliwi, umemfunga mikono.

Kwaiyo sambamba na shikamoo mtoto afundishwe kwamba shikamoo haimpi mtu ruhusa ya mwili wake. Mkubwa akikwambia kaa hapa nikupakate na hutaki, unasema "hapana, ahsante" unaondoka. Mkubwa akikwambia tuifiche hii usimwambie mama, hiyo ndo unakuja kuniambia haraka. Mimi watoto wangu nimewafundisha hata kwenye kukumbatiana, mjomba akija wanamuamkia, mkono wanatoa, ila kukumbatia ni hiari. Kuna ndugu walininunia, wakasema nawafundisha watoto kiburi, nikawaambia hapana, wanakuamkia wanakupokea mzigo wanakupisha kiti, hicho ndo cha kwenu. Na namba 116 waijue kwa kichwa, ni simu ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure.

Mtoto akikosea

Kuna mzee anapita mtaani kwetu na mkokoteni anazoa taka kila Jumamosi. Siku moja namsikia mwanangu na wenzake wanaimba wimbo wao wa kumzomea huyo mzee, harufu, harufu, huku wameziba pua. Mzee anasukuma tu. Nilitamani kutoka na mwiko. Nikajizuia kwa sababu nilijua nikimchapa mbele ya wenzake atabaki anakumbuka aibu yake yeye, ya mzee hataikumbuka.

Nilimuita ndani, nikasubiri kama dakika kumi mimi mwenyewe nitulie (hii ni muhimu, ukiongea ukiwa na hasira mtoto anasikia hasira tu), alafu nikamuuliza maswali ambayo ndo natumia mpaka leo: umefanya nini, niambie kwa mdomo wako. Yule mtu amebaki na nini moyoni. Utatengenezaje. Hilo la tatu ndo gumu, maana wamezoea "sorry" ya haraka haraka wakachezee tena. Akasema nitaomba msamaha. Nikamwambia sawa, na zaidi ya msamaha? Akanyamaza muda mrefu. Nikamwambia basi Jumamosi ijayo utanisaidia kutoa taka utajua.

Jumamosi ilipofika akatoa mfuko, akamwamkia yule mzee, akamwomba msamaha, nilikua nimesimama getini lakini sikusema kitu. Mzee akaitikia marahaba mwanangu, akasema yameisha, alafu akamwonyesha kiganja. Kuna kovu limepita kutoka kidole gumba mpaka karibu na kifundo cha mkono, akamwambia hii ni chupa iliyovunjika, watu wanatupia tu kwenye mfuko, ukishika inakukata. Mwanangu alirudi ndani hajasema neno mpaka mchana. Tangu siku hiyo glasi ikivunjika nyumbani yeye ndo anatafuta boksi, anafunga vile vipande kwa gazeti na selotepu, anaandika juu na maka peni CHUPA, alafu anaiweka pembeni ya mfuko, haichanganyi. Hajawahi kuagizwa.

Ningemchapa tungemaliza siku ile ile, lakini hilo boksi lisingekuwepo. Najua wengi tumelelewa kwa fimbo na tunasema mbona tumekua, mimi pia nimechapwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi, walezi na wakubwa, na sheria hiyo hiyo inakataza kumpa mtoto adhabu ya kumtesa na kumdhalilisha. Vyote viwili vimekaa kwenye sheria moja, tusichukue kipande kimoja tu kinachotufaa.

Kuna adhabu ndogo ndogo zinafaa, mfano aliyemtukana mwenzie kwenye mpira hachezi mechi inayofata, aliyemjibu dada vibaya kazi ya dada ya siku hiyo anaifanya yeye. Iwe inahusiana na kosa na iwe fupi. Kumkalisha mtoto wiki nzima bila TV kwa kosa la Jumatatu, ikifika Alhamisi hakumbuki tena alikosea nini, anakumbuka tu kwamba mama mkali.

Vijana hawa, wa miaka 13 kwenda juu

Huku ndo kuna kazi. Binti yangu ana msonyo, yani anausonya mpaka ukuta unasikia. Anakata jicho, anabetua mdomo, ukimwambia kitu anasema "nimesikia" kwa namna ambayo unajua hajasikia. Mwaka mzima nilikua napambana nae uso kwa uso na kila siku tunaishia kupiga kelele, mimi juu yeye juu.

Kilichobadilisha mambo ni kutenganisha maoni na namna. Nilimwambia maoni yako nayataka, hata ya kunipinga, ila msonyo hapana. Ukisonya unatoka nje ya chumba, unahesabu mpaka utulie, unarudi unasema upya. Na nikampa maneno ya kutumia, maana kijana mara nyingi anakua na hoja ila hana sentensi yake. "Mama naomba niseme kidogo." "Mimi naona tofauti." "Naomba unisikilize mpaka mwisho alafu ndo unijibu." Na akisema hivyo mimi nalazimika kusikiliza mpaka mwisho, hapo ndo mtihani wangu. Kuna siku alitumia hiyo ya tatu kuhusu kwenda kwenye bethdei ya rafiki yake Kigamboni, nikamsikiliza nusu saa nzima, mwisho nikakataa bado. Alinuna lakini hakusonya. Kesho yake akanipa pendekezo lingine, aende mchana arudi saa 11, baba yake ampeleke na kumfata. Hilo nikakubali.

Gonga mlango wake. Ndio ni nyumba yako, kodi unalipa wewe, lakini wewe ndo umemfundisha hodi, sasa kwake yeye unaingia kama polisi. Usisome shajara yake ukaja kuicheka na mama mdogo sebuleni. Usitangaze kwamba amevunja ungo au amefeli hesabu kwenye grupu la ukoo, mambo ya mtoto yana mipaka kama ya kwako yalivyo na mipaka. Na asemwe faragha, kijana ukimsema mbele ya wenzake au mbele ya wageni anakujibu, hata kama ni mpole, kwa sababu pale anaokoa sura yake. Mvute pembeni, sauti ya chini, maneno machache.

Na ukimkosea muombe msamaha. Nilishamshutumu binti yangu kachukua elfu kumi kwenye mkoba wangu, nikamsema sana, kumbe niliilipia gesi nikasahau. Nilienda chumbani kwake, nikagonga, nikamwambia nimekukosea, nilikushutumu bila kuuliza, naomba unisamehe. Alilia na mimi nililia. Kuna watu wanaamini mzazi akiomba msamaha anashuka, mimi nimeona kinyume chake, tangu siku hiyo na yeye akikosea anakuja mwenyewe.

Simu na magrupu

Vijana wana tabia ya kupiga picha ya mtu wakaigeuza stika, mwalimu amepiga chafya, mtoto wa jirani amelala kwenye daladala mdomo wazi, inazunguka shule nzima kwa siku moja. Kwao ni kicheko tu. Mimi nakaa nao nawauliza swali moja, hii ungeweza kuichapisha kwenye karatasi ukampelekea mama yake mkononi, ukasimama pale akiiangalia? Kama huwezi, futa. Na usisambaze ya mwingine, kusambaza ni kushiriki.

Wajue pia kwamba kuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeweka kosa la kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Nilipomwambia binti yangu hiyo milioni 5 alitoka kwenye grupu moja usiku huo huo, hakuniambia lina nini na mimi sikumuuliza.

Kwa meza ya chakula simu zote zinakaa juu ya friji, na ya kwangu ipo humo humo.

Utani na tofauti

Sisi ni watu wa utani, na ni kitu kizuri, mtoto asikuzwe kama jiwe. Babu anamuita mjukuu wake mke wangu, mjukuu anamjibu we mzee huna meno utanilisha nini, wote wanacheka. Mchaga na Mpare wanachambana msibani na hakuna anaekasirika. Ila mtoto afundishwe utani una mwenyewe na una mahali pake, unamtania anaeweza kukutania na wewe mkacheka wote. Mtoto mwenye kigugumizi hawezi kukurudishia, kumuigiza sio utani. Mwenye ualbino ukimuita majina, sio utani, na kwa yaliyowapata watu wenye ualbino nchi hii nadhani hilo hata halihitaji kuelezwa mara mbili. Mimi nawaambia wanangu angalia sura ya anaetaniwa, kama anacheka kwa mdomo tu na macho hayacheki, acha palepale.

Mtaani kwetu tumechanganyika, Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta. Mwezi wa Ramadhani wangu hawatembei na juisi mkononi mbele ya wenzao waliofunga, na wenzao siku ya Krismasi wanakuja kula pilau. Hayo yanaenda yenyewe kama wakubwa wanaenda vizuri.

Kwenye daladala ni pagumu zaidi kwa sababu mtoto mwenyewe hapati heshima. Wanafunzi wanalipa nauli pungufu, makonda wengine wanawazuia mlangoni, wanawasimamisha, wanawasukuma. Mtoto aliyesukumwa asubuhi jioni ni rahisi kumsukuma mwenzie. Nawaambia mpishe mzee, mjamzito na mwenye mtoto mgongoni, mpe nauli konda mkononi usimrushie, mwambie ahsante ukishuka. Na sisi watu wazima tulioko ndani tuseme konda anapomnyanyasa mwanafunzi, tusiangalie dirishani. Watoto wanatuona tunavyoangalia dirishani.

Kabla ya safari ya Desemba

Baba yao ni Msukuma, kwao ni mkoani Shinyanga, kila Desemba tukijaliwa tunaenda. Mara ya kwanza niliwapeleka bila kuwaandaa, ilikua aibu, binti alisimama wima mbele ya bibi yake mzaa baba na earphone sikioni wakati mabinamu zake wote wamepiga magoti. Bibi hakusema kitu, ila alimuangalia baba watoto, na baba watoto aliangalia chini.

Sasa tunaanza wiki mbili kabla. Nawafundisha mwangaluka ya asubuhi na mwadila ya mchana, kidogo tu, wakikosea matamshi kule watachekwa kwa upendo. Binti anajua atapiga goti kumuamkia bibi, nilimuuliza unaona vipi, akasema kwa bibi sawa, nikamwambia vizuri, na ukiona hutaki niambie kabla hatujafika tuongee. Nawaambia mtakula kilicholetwa, kama kitu hakishuki unasema ahsante nimeshiba, hukunji pua. Choo ni cha shimo, hakuna cha kupiga picha kikaenda kwa marafiki. Maji yanachotwa mbali, kwaiyo ndoo moja ni ya kuoga watu wawili, na wao wataenda kuchota na mabinamu, hawataoga maji ya jasho la wenzao tu.

Zawadi nazo nawaachia wao. Sukari kilo mbili, majani ya chai, sabuni na doti ya kanga ya bibi, kila mtu anabeba ya kwake, na wanampa wenyewe, kwa mikono miwili, kabla baba yao hajaanza kuongea. Mwaka huu huyu wa 11 ameongeza kitu chake mwenyewe kwenye begi, kilo moja ya chumvi ya mawe kwa ajili ya mbuzi wa bibi. Nikamuuliza nani kakwambia mbuzi wanapewa chumvi. Akasema dada.